Samaki Anayepanda Mto ni wa Nani?



Wapendwa vijana, mvua za kwanza zikishapiga huku Kapalamsenga, kila mtu anajua kinachofuata. Vijito vilivyokuwa mchanga mtupu vinaanza kutembea, maji yanageuka tope, na kambale wanaanza kupanda. Wanaacha madimbwi na maji ya kina, wanayafuata mafuriko mpaka kwenye majani ya pembezoni, pale ambapo maji hayafiki hata goti, ili watage. Usiku huo utaona tochi mtoni. Wapo wenye mikuki, wapo wenye migono, wapo wenye panga tu. Samaki ambaye mwezi wa tisa ungemtafuta kutwa nzima bila kumwona, sasa anapita mbele ya miguu yako, tumbo limejaa mayai.

Kijana mmoja aliuliza swali baada ya jumuiya, na nimeona tulitafakari pamoja: "Kaka, Mungu kamleta samaki mpaka mlangoni kwangu. Kumchukua nayo ni dhambi?"

Jibu fupi ni hapana. Tusianze kutishana bure. Mitume kadhaa walikuwa wavuvi, na Bwana mfufuka mwenyewe aliwaandalia wanafunzi wake samaki juu ya makaa pale ufukweni. Kuvua ni kazi halali na samaki ni chakula. Lakini lisikilize tena lile neno la kijana wetu: "mlangoni kwangu". Hivi kweli yule kambale alikuwa anakuja kwako? Alikuwa anapita. Safari yake haikuishia kwako, na mbele yake kuna watu. Kuna wanaokaa juu zaidi ya mto, nao wanasubiri mvua hiyo hiyo. Na kuna watakaokula watoto wake mwakani, wengine wao bado hawajazaliwa.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuna amri ndogo ambayo wengi tunairuka. Ukikuta kiota, na mama ndege ameyalalia mayai au makinda, usimchukue mama pamoja na wanawe. Makinda chukua, mama mwache aende. Na amri hiyo ndogo imepewa ahadi ya heri na siku nyingi, inayofanana na ile ya kuwaheshimu baba na mama! Mama ndege ni rahisi kumkamata kwa sababu moja tu: hataki kuacha watoto. Kambale mwenye mayai naye yuko hivyo. Urahisi wake unatokana na kazi aliyopewa na Muumba, na wewe unaitumia kazi hiyo kumkamatia.

Tena hapa kuna jambo ambalo wazee wanaolijua mto watakuambia bila kwenda chuo. Kambale hakai kulinda mayai. Jike kubwa linabeba makumi ya maelfu ya mayai, linayaacha kwenye majani, kisha linarudi kwenye maji ya kina. Mayai yenyewe huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Maana yake ni kwamba samaki uliyemwacha apite leo, utakutana naye akishuka. Hujaombwa kufunga mwaka mzima, umeombwa kusubiri siku chache. Siku chache zinatushinda?

Mimi naona kosa kubwa liko kwenye kuziba, kuliko kwenye kuvua. Mtu aliyechoma kambale wawili kwa mkuki akawapelekea wanawe, na mtu aliyesimamisha uzio wa miti na nyavu kutoka ukingo hadi ukingo asipite hata mmoja, hao wawili hawajafanya kitu kimoja. Wa kwanza amechukua sehemu yake. Wa pili amechukua yake, ya jirani, na ya kesho. Na anayemwaga utupa au sumu ya dukani mtoni, huyo hata sitamjadili. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza sumu, na dhamiri ilishakataza kabla ya sheria.

Msiseme natia chumvi. Ziwa Victoria lilikuwa na samaki aitwaye ningu, anayeishi ziwani na kupanda mito kutaga mvua zikinyesha. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa kati ya samaki muhimu kabisa wa mito ile, Nzoia na Kagera na mingineyo. Zikaja nyavu za dukani. Watu wakazitega kwenye midomo ya mito wakati ule ule ningu anapopanda na mayai, maana ndipo anapokamatika kirahisi. Kufika miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Hakuna aliyekaa akaamua kummaliza ningu. Kila mmoja alikuwa na wavu wake tu, na sababu yake.

Wala si tatizo la wavuvi maskini peke yao. Magharibi ya Marekani kuna samaki anaitwa steelhead. Kwa damu ni ndugu mmoja na trauti waliopandwa kwenye mito ya Mlima Kenya enzi za ukoloni, ila yeye huenda kukulia baharini, kisha anarudi mtoni alikozaliwa. Wale wa Idaho wanapanda zaidi ya kilomita 1,000, na njiani wanakuta mabwawa 8 ya umeme. Wamejengewa ngazi za maji wapande, lakini wamepungua hadi serikali, mwaka 1997, ikawaweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Leo mvuvi wa huko, kwenye mito mingi, akimnasa steelhead wa asili inambidi amrudishe majini. Anayeruhusiwa kupelekwa nyumbani ni yule wa kufugwa vituoni, ambaye amekatwa pezi dogo la mgongoni ili ajulikane. Matajiri nao waliziba mto, wakajifunza kwa gharama kubwa.

Sasa, najua mtu atasema: wewe unaandika umeshiba. Hoja ya haki kabisa. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili migebuka na dagaa wazaliane, na familia iliyozoea kula kwa mtumbwi, miezi mitatu si mchezo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba mtu aliye katika shida kubwa ya wazi, asiye na njia nyingine ya kujiokoa, akichukua kitu cha mwingine ili aishi, hajaiba. Basi mama ambaye hana unga ndani, wanawe wakalala njaa, akachukua kambale mmoja anayepanda, mimi simhukumu. Ila tuwe wakweli. Anayejaza magunia ya kambale wa mayai kupeleka Mpanda mjini ana shida gani ya wazi? Njaa ya yule mama isigeuzwe kuwa mwavuli wa biashara yake. Na sisi tunaomkataza mama yule tujiulize kama jumuiya yetu ilimpelekea hata debe moja la mahindi.

Halafu kuna hili linalonisumbua zaidi. Katekisimu inaiweka heshima kwa viumbe chini ya amri ya saba, usiibe, na inatukumbusha wajibu wetu kwa vizazi vijavyo. Aliyeiba, Kanisa linamdai arudishe. Ukiiba kuku wa jirani, unajua pa kumpeleka. Lakini aliyeziba mto anamrudishia nani? Yule wa juu hajui hata kama aliibiwa. Alisubiri, samaki hawakufika, akasema mwaka huu mto umekuwa mbaya. Hakuna atakayekuja kukudai, na padre kwenye kitubio hawezi kukutajia jina la mtu wa kumlipa.

Kwa hiyo malipizi yenyewe inabidi yafanyike pale pale mtoni. Mvua zinaanza Novemba. Kama nguzo za uzio wa mwaka jana bado zimesimama, vijana watano wa VIWAWA wakienda na majembe na kamba baada ya Misa ya kwanza, hadi saa sita mchana watakuwa wameshazing'oa.