Ukate Nini, Usikate Nini

Mjukuu wangu, mwezi wa kwanza usinunue kitu. Najua umeshawaona kwenye simu wale wanaofungua maboksi ya karatasi za rangi, stika, mihuri na mikasi yenye meno ya mawimbi, na najua maduka ya vifaa vya shule hapo Nizwa yanauza vyote hivyo. Viache. Anayeanza kwa kununua huishia kuwa mweka karatasi, na nimewaona vijana wenye makabati yaliyojaa karatasi nzuri wanazoogopa kuzikata. Karatasi ya kujifunzia iko nyumbani kwenu: boksi la ubani, bahasha za kaki, kalenda ya mwaka jana, pakiti za majani ya chai, karatasi zilizofungiwa zawadi za Idi. Hizo zimeshakwisha kazi yake, kwa hiyo mkono hautatetemeka.

Mama yako ana wasiwasi kwamba kukata na kubandika ni mambo ya watoto wa chekechea. Mpeleke Manah, si mbali na hapo ulipo, mwingie msikiti wa kale. Mihrabu za huko za karne ya 16 zimenakshiwa kwa gipsi, na katikati ya nakshi fundi amechomeka vibakuli vya kauri kutoka Uchina. Ukivuka bahari ukenda Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, au Mambrui karibu na Malindi, utakuta makaburi ya Waswahili yaliyopachikwa sahani na bakuli za Kichina kwenye chokaa. Kilwa nako zimo kwenye kuba za msikiti. Bakuli lililofinyangwa mbali kwa ajili ya chakula likawekwa mahali ambapo hakuna atakayelilia, kwa kuwa jicho la fundi liliona buluu yake inakaa vizuri kwenye weupe wa chokaa. Hiyo ndiyo kolaji. Wazungu huandika kwamba kolaji ilianza Paris mwaka 1912 kwa mikono ya Picasso na Braque, na kwa upande wa vipande vya karatasi juu ya picha za wachoraji siwanyang'anyi haki yao. Lakini kuchukua kitu kilichotengenezewa kazi nyingine ukakipa makao mapya, hilo wazee wetu wa pande zote mbili za bahari walilijua zamani.

Nataka ulishike jambo moja tu katika haya nitakayokwambia: kazi yote ni kuchagua. Mkasi ni mwepesi, gundi ni nyepesi, na mtoto wa miaka sita anaviweza vyote viwili. Kujua kipi cha kukata na kipi cha kuacha ndiko kunakochukua miaka.

Anza kwa kuijua karatasi yenyewe. Chukua ukurasa wa gazeti uuchane kutoka juu kwenda chini, kisha uchane mwingine kutoka upande hadi upande. Mmoja utachanika kwa mstari ulionyooka, mwingine utakwenda upogo kila pahala. Karatasi ina nyuzi, na katika kiwanda nyuzi hizo hulala zaidi kuelekea upande mmoja. Ikilowa gundi hutanuka kukatiza nyuzi, ikikauka hujikunja. Ndiyo maana kazi ya mwanagenzi hupinda usiku mmoja hata ikawa haisimami ukutani. Dawa yake ni kubandika karatasi nyingine ya uzito uleule nyuma ya ubao, nyuzi zake zielekee kulekule, kisha uilaze chini ya kitu kizito mpaka kesho yake. Wengi hulaumu gundi, na gundi haina kosa.

Kuhusu gundi, ile nyeupe ya dukani inafaa, ila mimi napenda ya kupika. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji, ukoroge baridi kwanza mpaka madonge yaishe, ndipo uweke motoni, na usiache kukoroga mpaka uji ubadilike uwe kama unang'aa. Unga huo ni chakula, na wadudu wanalijua hilo. Tia shabu kidogo na matone ya mafuta ya karafuu, nao hawatakaribia upesi, wala uji hautaota ukungu haraka. Wajalidi vitabu wametumia karafuu hivyo kwa muda mrefu, na sisi tuliotoka Unguja tungeona aibu kuikosa ndani ya nyumba. Tulipokuwa watoto huko hatukuwa hata na uji: tiara tuliziunga kwa punje za wali zilizopondwa kwa kidole, juu ya vijiti vya chelewa, na ziliruka.

Angalia na hewa ya mahali. Huku kwetu Ibra mwezi wa Juni gundi hukauka kabla hujageuza kipande, kwa hiyo paka kidogo kidogo. Shangazi yako aliyeko Sur ana tatizo kinyume chake: bahari imo ndani ya chumba, karatasi inanyonya unyevu, na asipoiacha kazi ikauke barabara kabla ya kuitia kwenye fremu ya kioo, ukungu utamkuta.

Sasa kukata. Mkasi wa mama yako wa kushonea usiuguse. Karatasi inauua makali, na nguo itakayofuata italiwa badala ya kukatwa; ndoa nyingi za amani zimeingia kelele kwa sababu hiyo. Uwe na mkasi wako na kisu chembamba cha karatasi, ubadilishe ncha yake mara tu inapoanza kuvuta. Geuza karatasi, mkono ukae pale pale. Matundu ya ndani yakatwe kwanza, ukingo wa nje uwe wa mwisho, maana ukishauachia ukingo karatasi haina tena pa kushikika. Kunja karatasi ya mraba mara mbili, kisha ikunje pembe kwa pembe, uikunje tena mara moja kuanzia kwenye kitovu, ukate pembeni kwa mshazari, ukifungua utapata nyota ya ncha nane. Kijana wa nyumba yoyote huku anaijua nyota hiyo bila kufundishwa, kwa kuwa ameiona kichwani mwa babu yake, kwenye kofia iliyoshonwa vitundu.

Ukitaka mwalimu wa nakshi, nenda Jabrin. Ile husuni ilijengwa zama za Imamu Bil'arab bin Sultan wa Yaaruba, karne ya 17, na mwenyewe amezikwa humo. Watalii hupanda juu kupiga picha bonde. Wewe ulale chali, ikiwezekana, uitazame dari. Mbao zimechorwa maua na matawi yanayopitana, na tawi moja likizunguka kwenda kulia kuna lingine linalolijibu. Chora kwenye daftari sehemu ndogo tu, kama upana wa kiganja. Ukifika nyumbani ukate umbo hilo kwa karatasi ya rangi moja, kisha ulikate tena mpaka uone mahali ambapo fundi aliacha nafasi tupu. Wanagenzi hawaachi nafasi. Wanajaza kila pembe, halafu wanashangaa kwa nini picha inaonekana kama soko la Ijumaa saa moja asubuhi, mbuzi wakizungushwa na watu wakipigiana kelele.

Kuna vitu ambavyo mkasi usivifikie, na hapa sitaki mjadala.

Kwanza, jina la Mwenyezi Mungu. Magazeti yetu yamejaa majina ya Abdullah na Abdulrahman, tanzia zina aya, matangazo yanaanza kwa Bismillahi, na mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme. Kabla ya kukata, pitia ukurasa wote, mbele na nyuma, maana unaweza kuwa unakata picha ya gari huku nyuma yake umepasua aya. Zenye majina hayo zitenge, ama uzizike mahali safi ama uziteketeze kwa heshima. Kwa kolaji kurasa za matangazo ya rangi zinatosha. Na jua kwamba karatasi ya gazeti haidumu: ikipata jua inageuka manjano na kukatika, kwa hiyo itumie kwa kazi ya kupita, kama mifuko ya watoto ya Karankasho katikati ya Ramadhani, wala usiitumie kwa kitu unachotaka kimkute mwanao.

Pili, mwandiko wa mkono. Nimeona kwenye simu yako mtu anapasua barua za kale zenye stempu na kuzibandika chini ya maua, watu wanamsifu. Sisi huku Sharqiyah barua hizo ndizo nasaba zetu. Babu zetu wa Ibra, Mudhaireb na Al Qabil walikwenda Unguja, Tabora, Ujiji mpaka Kongo, na waliobaki waliishi kwa karatasi: hati za mashamba ya karafuu, hesabu za zamu za maji ya mfereji wa falaji, mahari, deni. Baada ya Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 wengine walirudi bila kitu isipokuwa bahasha iliyofichwa ndani ya nguo. Karatasi iliyokunjika na kutoboka, ambayo kwako ina rangi nzuri ya kahawia, inaweza kuwa shahidi pekee aliyebaki wa shamba au wa ndoa. Tangu 2007 nchi hii ina mamlaka maalumu ya nyaraka na kumbukumbu za taifa, na inapokea hata za watu binafsi. Vivyo hivyo vitabu. Sultan Barghash aliweka mtambo wa chapa Unguja karibu mwaka 1880, ukachapisha vitabu vya Kiibadhi vilivyosafiri mpaka huku. Jalada lililooza kwenye rafu ya babu yako linaweza kuwa mojawapo.

Tatu, picha za watu. Zile za studio, za akina Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa 1930, usizikate hata pembeni. Piga nakala, na nakala hiyo itoke kwenye mashine ya leza. Ya wino wa maji ikikutana na gundi uso wa bibi utachuruzika. Tena wako katika ukoo wetu wasiopenda sura za viumbe zitundikwe ukutani. Usishindane nao. Una milango, una mitende, una mchanga wa Wahiba wenye rangi zaidi ya moja kwa siku. Una jahazi *Fatah al-Khair* pale Sur, lililoundwa hapohapo mwaka 1951 likarudishwa kutoka Yemen 1993. Nakupa kazi: liunde kwa bahasha za kaki peke yake, ubao kwa ubao, na kila ubao uukate kufuata nyuzi za karatasi ili ukubali kupinda. Rangi moja tu. Utajifunza zaidi hapo kuliko kwenye karatasi mia za maua.

Usiniambie vifaa ni haba. Rosemary Karuga, mwanamke wa Kenya aliyezaliwa Meru mwaka 1928, alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akafundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Alipostaafu na kurudi kwenye sanaa hakuwa na rangi za kununua. Akatumia karatasi za kufungia sabuni na pakiti za unga, akizikata vipande vidogo vidogo na kuvipanga mpaka vikawa wanawake, kuku na mbuzi wa kijijini kwake. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum huko Harlem, New York. Alifariki 2021. Zitazame kazi zake kwa makini: kivuli cha shavu la mtu ni herufi za tangazo la sabuni, na huoni sabuni, unaona shavu. Alijua pa kukata.

Wala usiniambie mimi nimezeeka mno kukufundisha. Mwingereza mmoja, Mary Delany, alianza kukata maua ya karatasi mwaka 1772 akiwa na miaka 72, na alipoacha kwa sababu ya macho alikuwa na karibu maua 1,000. Yako British Museum mpaka leo.

Kuna neno moja la wadogo zako, ulifikishe kwa wazazi wao. Ikifika siku ya taifa au maonyesho ya shule, watu wanakwenda dukani wanalipa riali kadhaa, wanarudi na ubao uliokwisha pambwa, mtoto anaubeba kwa jina lake. Mwalimu anaupa alama, mama anaupiga picha. Mtoto amejifunza nini? Ubao uliopinda, wenye gundi iliyovuja, uliofanywa na mtoto mwenyewe, unafaa kuliko huo, na mwalimu yeyote mwenye macho anaujua. Wasaidie kukata, usiwakatie.

Nizwa umo katikati ya masomo, sitaki karatasi zikule muda wa mtihani. Alasiri moja kwa wiki inatosha. Ukija Ibra uje Jumanne usiku, ili Jumatano nikupeleke soko la wanawake uone nakshi za suruali na rangi zinazokaa pamoja bila ugomvi, na uje na kisu chako. Boksi za ubani nimekuwekea. Na ukikuta popote karatasi yenye mwandiko wa mkono, hata ikiwa kipande, usiiguse kwa mkasi mpaka umenipigia simu.