Aliyeanguka na Aliyeharibika

Mwaka 1880 mwanazuolojia Mwingereza E. Ray Lankester alitoa kitabu chembamba chenye jina zito, Degeneration. Shahidi wake mkuu alikuwa mnyama wa baharini ambaye wavuvi humpita bila kumtupia jicho: asidiani. Ni kijifuko laini chenye matundu mawili, kimeganda kwenye mwamba au nguzo ya gati, kinavuta maji kwa tundu moja na kuyatoa kwa jingine. Ukimminya, anakurushia maji. Lakini huyohuyo akiwa mchanga huogelea kama kiluwiluwi. Ana mkia, ana doa la jicho, na ndani ya mkia umepita ufito mgumu, wa aina ileile inayotangulia uti wa mgongo katika mimba ya binadamu. Akishapata pa kukaa hujibandika kwa kichwa. Mkia unanywea, jicho linapotea. Lankester aliita huko kushuka daraja, kisha akawaonya wasomaji wake kuwa Wazungu nao wasijione salama.

Asidiani mwenyewe hana habari. Bahari zimejaa jamaa zake, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kundi lake ndilo lililo karibu zaidi kinasaba na wanyama wenye uti wa mgongo, kuliko hata amfioksi, mnyama mwingine wa baharini, ambaye ufito wake anao mpaka uzeeni. Ameshuka kutoka wapi, basi, na nani aliyepima kilele?

Kiingereza hakikungoja wanasayansi ili kipate maneno ya kuporomoka. Mengi kilikuwa nayo kutoka kanisani. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 inatumia "backsliding" hasa katika vitabu vya Yeremia na Hosea: mtu alikuwa njiani, akateleza. Manabii hao wanakaripia kwelikweli, lakini karipio lao linaandamana na mwito wa kurudi. Mwaka 1616 kasisi Godfrey Goodman, aliyekuja kuwa askofu wa Gloucester, aliandika kwamba dhambi ya Adamu imeuozesha ulimwengu wote. George Hakewill, naye kasisi, akamjibu mwaka 1627 kwa kitabu kinene: dunia haichakai, kinachopungua huku huongezeka kule. Walivutana kweli, ila kwa wote wawili Adamu alikuwa baba wa kila mtu. Kama kuna kuoza, kumempata mfalme na mchunga kondoo pamoja.

Katika karne ya 19 mizani hiyo ilivunjika. Kuporomoka kukahamishwa kutoka moyoni hadi kwenye damu. Francis Galton alibuni neno "eugenics", yaani elimu ya kuboresha uzao wa binadamu, mwaka 1883, na miaka 30 baadaye, mwaka 1913, Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyoruhusu watu walioitwa wenye upungufu wa akili kufungiwa katika taasisi. Wanadini nao waligawanyika. Papa Pius XI alipinga serikali kuwahasi watu katika waraka wake wa Desemba 1930, ilhali William Inge, mkuu wa Kanisa Kuu la St Paul's jijini London, alikuwa mfuasi wa wazi wa Galton. Ni vigumu kuelewa mtu huyo alihubirije toba. Anayeambiwa ameanguka anaambiwa papo hapo kwamba anaweza kusimama. Anayeambiwa uzao wake umeharibika hana la kufanya; wengine ndio wenye la kumfanya.

Msamiati huo ulipanda meli. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Kizungu jijini Nairobi waliunda chama cha kuchunguza namna ya "kuboresha mbari". Kinara wao alikuwa H. L. Gordon, daktari aliyehudumu katika hospitali ya akili ya Mathari. Mwenzake F. W. Vint alipima bongo za maiti za Waafrika, na kazi hiyo akaichapisha mwaka 1934. Hitimisho lake lilimweka mtu mzima wa Kenya ngazi moja na mvulana wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Hapa neno lilikuwa "backward", nalo ni la ajabu kuliko yote: mtu yuko nyuma, ingawa hakuna anayedai aliwahi kuwa mbele na akarudi. Gordon aliomba serikali ya London igharimie utafiti zaidi, akanyimwa.

Miaka ileile, daktari mwingine Mwingereza, Joe Church, alikuwa Gahini, Rwanda, katika hospitali ya misheni. Mwaka 1929 alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasali na kusoma Biblia pamoja. Uamsho uliotoka huko ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na ukawa na lugha yake ya kushuka: fulani amepoa, fulani amerudi nyuma. Katika ushirika mtu alisimama, akataja alichoiba au chuki aliyoificha, akaweka mambo nuruni, na wenzake wakamwitikia kwa wimbo wa Tukutendereza. Wamisionari wa Kizungu nao walitubu mbele ya Waafrika, wengine wakikiri kiburi cha rangi yao. Jambo hilo lisingewezekana kwa kipimo cha Vint, maana mpimaji wa Nairobi hakuwahi kulala juu ya meza yake mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba lugha ya walokole, kama walivyoitwa wafuasi wa uamsho huo, ilikuwa laini. Aliyesitasita kuungama alihesabiwa bado yuko gizani, na si kila siri iliyomwagwa hadharani ilistahili masikio yote yale. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Waanglikana huko Mukono, Uganda, wanafunzi walokole walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kusali na kuhubiri, na walisema waziwazi kwamba chuo kimepoa. Wakuu wa chuo waliona utovu wa nidhamu, wakawafukuza 26, akiwemo William Nagenda. Kila upande ulikuwa na hakika kuwa ni mwenzake aliyeiacha njia. Nagenda aliendelea kuhubiri bila cheo, ndani na nje ya Afrika. Mwaka 1966 mlokole mwingine, Erica Sabiti, aliwekwa kuwa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa kanisa lilelile la Kianglikana la Uganda, Rwanda na Burundi.