Jumapili ya Nyasi

Mgeni anayefika St Andrews, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti, akiwa na fimbo za gofu begani siku ya Jumapili, hukuta Old Course imefungwa. Uwanja huo mkongwe siku hiyo ni wa kila mtu: wazazi husukuma vigari vya watoto, mbwa hukimbia, watalii hupigana picha juu ya daraja la mawe la Swilcan.

Mapumziko hayo ni ya Mungu au ya nyasi?

Kanisa halikuwa adui wa gofu tangu mwanzo. Mkataba wa mwaka 1552 uliomruhusu Askofu Mkuu John Hamilton kufuga sungura kwenye uwanda huo uliwahakikishia wenyeji haki ya kucheza humo. Mwaka 1559 mhubiri wa Kiprotestanti John Knox alihubiri mjini, kanisa kuu likavamiwa, na kabla karne haijaisha baraza la kanisa jipya lilikuwa likiwaadhibu waliokimbilia gofu wakati wa ibada.

Jirani na uwanja kuna ufuko wa West Sands, ulikopigwa picha mwanzo wa filamu ya Chariots of Fire (1981). Filamu hiyo inamhusu Eric Liddell, Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 katika Olimpiki ya Paris ya 1924 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili. Alishinda mita 400 kwa sekunde 47.6. Kwake, siku ilikuwa ya Bwana, basi.

Leo hoja inayosikika zaidi ni ya watunza uwanja: nyasi zilizokanyagwa na kuchimbuliwa kwa fimbo siku 6 zinahitaji kupumua. Asidhani mtu kwamba hoja hiyo ni ya kipagani. Walawi 25 inaagiza ardhi yenyewe ipumzike kila mwaka wa 7.

Hata hivyo kanuni ya kufunga uwanja Jumapili hulegezwa. Jumapili ya 17 Julai 2022, Cameron Smith wa Australia alitwaa ubingwa wa gofu wa The Open kwenye uwanja huo huo, mbele ya umati. Na kuna deni kubwa zaidi. Sabato ya Kumbukumbu la Torati 5 inamtaja mtumwa, punda na mgeni pamoja na bwana mwenye nyumba. Kwa kipimo hicho mji umetimiza nusu ya agizo, maana wakati uwanja umelala, wapishi na wahudumu wa hoteli wako kazini wakimlisha mgeni aliyekosa mchezo.