Mgeni Ziwani

Mvua zikikatika Mlali na mtama ukikauka shambani, si ajabu kijana akashika njia ya Bwawa la Mtera kujaribu uvuvi. Jembe alijua tangu utoto. Wavu ameushika juzi tu. Tena ziwa lile lina siri zake. Mto Ruaha Mkuu ulipozuiwa pale na maji yakajaa, miti ya nchi kavu ilibaki imesimama majini, nayo hunasa nyavu. Maji hupanda na kushuka, hata palipovuliwa mwaka jana huenda mwaka huu pakawa tope. Mamba na viboko nao wamo.

Mgeni aonapo wenzake warudi na perege tele, naye hana kitu, ndipo Shetani humwonyesha kokoro. Wavu ule hukokota vyote, hata vifaranga ambavyo havijazaa, nao umekatazwa na sheria. Humpendeza asiyejua maji kwa kuwa hautaki ujuzi.

Simoni Petro alilijua vema ziwa la Genesareti, na bado alikesha bure. Mtakatifu Luka, katika sura ya 5, atueleza jinsi alivyotii neno la Bwana, aliyelelewa nyumbani kwa seremala. Ikiwa mvuvi hodari alikubali kuelekezwa, mgeni wa juzi aona haya gani? (Twakiri, sisi waandishi nasi twapenda kuelekeza kuliko kuuliza.) Na amwombe mzee wa kambi ampakie mtumbwini siku kadhaa, apige kasia, anyamaze, atazame. Huenda siku hizo akapata samaki wawili tu. Awapeleke nyumbani hao hao wawili.