Mita Moja, Haki ya Nani?
Katika nyumba nyingi za kupanga Tandika na Mbagala, wapangaji huchangia mita moja ya LUKU. Mmoja akichaji bajaji ya umeme usiku kucha, je, anawadhulumu wenzake? Atajitetea kwamba naye huchanga sawa na wengine. Lakini kuchanga sawa si kutumia sawa. Isitoshe, bei nafuu ya TANESCO ni ya wasiozidisha uniti 75 kwa mwezi. Mita ikizidisha mara kwa mara, nyumba nzima huhamia bei ya juu, na mwenye taa na feni tu hulipia riziki ya mwenzake. Wala kimya cha wapangaji wenzake si ridhaa: wengine hunyamaza kukwepa ugomvi. Uislamu na Ukristo vyote vinakataza kula haki ya jirani. Mwenye bajaji afunge mita yake, au alipe zaidi.