Amana Katika Chombo Kibovu

Katika mambo ambayo watu hulaumiana kwayo, uzembe una mahali pa shida. Mwizi hujulikana alichotaka, na mwongo hujulikana alichoficha. Lakini mzembe hakutaka lolote. Alikaa tu wakati kitu cha mwenzake kinaharibika. Akiulizwa, hujibu kwa unyofu kwamba hakukusudia, na jibu lake huwa la kweli. Je, mtu huyu ana kosa, au ana bahati mbaya? Swali hili ni la zamani, na aghalabu hujadiliwa kwa mifano ya ng'ombe aliyepotea machungani au moto ulioachwa shambani bila mlinzi. Siku hizi limepata mfano mpya ndani ya nyumba za watu, juu ya meza ya mbao karibu na soketi ya umeme: kompyuta inayonguruma na kuchemka, na diski ya nje iliyofungamana nayo kwa waya, ambayo siku moja inakataa kusomeka.

Mfano huu na uwekwe Kwihara, kilometa chache kutoka mji wa Tabora, mahali penye tembe lililojengwa upya kwa kumbukumbu ya Livingstone. Na tuseme mwenye kompyuta ni mwalimu mstaafu. Kwa kuwa anajua kusoma, kuandika na kutunza, majirani wamemkabidhi vitu vyao. Katika diski yake zimo hesabu za chama cha kuzikana, picha za arusi za jamaa mbalimbali, na sauti za wazee wa Kinyamwezi wakisimulia habari za baba zao waliobeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kufa. Diski ni ya mwalimu, aliinunua kwa fedha yake. Lakini vilivyomo si vyake. Hapo ndipo uzito wa jambo lote ulipo. Mtu akiharibikiwa na chombo chake kwa sababu ya uvivu wake, hasara ni yake na lawama ni fupi. Mithali isemayo kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta humhusu mtu mwenye ukuta wake mwenyewe. Haisemi neno juu ya yule ambaye ukuta wake ukianguka humwangukia jirani.

Kompyuta, kama mnyama wa kufugwa, husema kabla ya kufa. Ndani yake mna feni ndogo inayovuta hewa na kuipitisha katika vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Vipande hivyo hupokea joto la prosesa, na hewa hulichukua nje. Vumbi la kiangazi cha Unyamwezi huingia pamoja na hewa. Miezi inavyopita hushikamana baina ya kurasa zile za chuma hata likawa kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti, feni huzidisha mbio, mbio huzaa kelele, na kelele ikidumu, ekseli ya feni hulika na sauti hugeuka kuwa mkwaruzo. Prosesa nayo, joto lake likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia kazi ili isiungue, na hapo mwenye mashine hulalamika kwamba imekuwa nzito. Mwisho wake hujizima yenyewe. Hakuna lolote katika haya linalotokea kwa siri. Kila hatua ina sauti yake au dalili yake, na dawa ya hatua ya kwanza ni rahisi kuliko dawa ya hatua ya mwisho: mashine izimwe na kutolewa katika umeme, feni ishikwe kwa kidole au kijiti isizunguke, vumbi lipulizwe litoke. Hata kuiondoa juu ya kitanda au mto, ambao huziba matundu yake ya chini, ni tiba isiyogharimu senti moja. Ikiwa kelele haikuisha, feni hubadilishwa. Ikiwa joto halikushuka, grisi iliyokauka juu ya prosesa hufutwa na kupakwa nyingine.

Basi hali ya mwalimu baada ya kusikia mngurumo si ile aliyokuwa nayo kabla. Kabla ya kusikia aliweza kusema hakujua. Aliyesikia akazoea, akaongeza sauti ya redio ili asisumbuliwe, ameiacha hoja ya kutojua. Yamkini bado anaweza kusema hakuelewa maana ya kelele. Na hoja hiyo ni ya haki kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hakuna mtu aliyezaliwa fundi. Lakini kutoelewa kuna wajibu wake wa pili, nao ni kuuliza. Mtu ambaye mtoto wa mwenziwe amelala nyumbani kwake anakohoa usiku kucha hawezi kujitetea kwamba yeye si mganga.

Lipo pingamizi ambalo lapasa kusikilizwa kwa heshima. Fundi hufanya kazi kwa malipo. Diski ya pili huuzwa, haitolewi sadaka. Na pensheni ya mwalimu ina midomo mingi ya kulisha. Kumwambia mtu maskini kwamba ana kosa kwa sababu hakununua diski mbili ni kuugeuza umaskini kuwa dhambi, na wanafalsafa wa tumbo lililoshiba wamezoea mno kufanya hivyo. Jibu ni kwamba wajibu haumtaki mtu atoe asichonacho. Wamtaka aseme. Mwalimu asiyeweza kununua diski ya pili aweza kuwaambia wanachama wa kuzikana kwamba hesabu zao ziko mahali pamoja tu, na mahali penyewe pameanza kunguruma. Wakichanga, vema, wakikataa, wamejua hatari yao na kuikubali. Kosa lake, kama lipo, halikai mfukoni. Limo katika kunyamaza kwake mbele ya watu wanaodhani mali yao i salama.

Diski ya nje ni kiumbe cha tabia nyingine. Iliyo ya aina ya kuzunguka ina sahani ndani yake, mara nyingi ikizunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusomea huelea juu ya sahani hiyo kwa nafasi ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Pengine hutoa onyo: faili huchelewa kufunguka, au husikika mgongo wa kugonga, ti, ti, ti, kichwa kikitafuta njia kisiipate. Pengine haitoi onyo lolote; jana ilisomeka na leo imekufa. Kwa hiyo yule anayengoja dalili ndipo atoe nakala amefanya mapatano na chombo ambacho hakikutia sahihi. Kwa kompyuta wajibu ni kusikia. Kwa diski wajibu ni kutazamia.

Aidha haifai kuihukumu diski kabla ya ushahidi. Waya uliochoka, au tundu la kompyuta linalotoa umeme hafifu, huweza kuifanya ianze kuzunguka na kukata tamaa, ikatoa sauti kama ya ugonjwa wa mauti hali ni nzima. Na kompyuta iliyochemka ikajizima katikati ya kuandika huacha faili zimevunjika, kisha lawama humwendea asiyehusika. Fundi mwenye busara hubadilisha waya kwanza, kisha tundu, kisha kompyuta, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha vitu vitatu pamoja na diski ikapona, hatajua kamwe kilichomponya mgonjwa wake. Watu wengi wamehukumiwa mabarazani kwa ushahidi uliopungua kuliko huu.

Lakini ikiwa waya ni mzima, umeme watosha, na mgongo ungali ukigonga, hapo huja jaribu kubwa kuliko uzembe. Mwenye diski huizima na kuiwasha. Huichomoa na kuichomeka. Huiacha usiku mzima ikigonga, akitumaini asubuhi itakuwa imetulia. Kila mzunguko waweza kuwa kichwa kinaikwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudi. Mashine nayo humwuliza kama diski ifomatiwe, yaani isafishwe na kuandaliwa upya, na kwa hofu yake hukubali. Mtu huyu si mzembe hata kidogo. Anajali kupita kiasi, naye anaangamiza kwa mkono uleule wa kujali. Ni ajabu kwamba mafundisho mengi ya maadili hushughulika na wasiojali, yakawasahau hawa, ingawa madhara yao ni makubwa na majuto yao hayana mfariji. Kinachowapasa ni kigumu kwa moyo: kuondoa mkono, kuzima, na kutoiwasha tena mpaka mambo mawili yamejulikana, yaani mahali pa kuhamishia vitu, na ni vipi vitatangulia.

Kwihara yenyewe ilipata kuyaona mambo haya zamani za misafara. Stanley alipokuwa Unyanyembe mwaka 1871 aliukuta mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulikuwa umechelewa pwani ya Bagamoyo kwa miezi, kisha ukalala Unyanyembe, na kabla ya kuondoka vita vya Mirambo vikafunga njia ya Ujiji. Hakuna aliyeuiba. Kila mtu aliyeuchelewesha aliweza kusema kwamba vita havikuwa vyake, na angesema kweli. Ila mfuko uliotoka mapema huenda ungekuwa umekwisha kupita. Hivyo ndivyo uzembe na bahati mbaya vinavyochanganyika hata visiweze kutenganishwa: uzembe hula siku za akiba, na msiba ukija haukuti kitu.

Mwaka uliofuata, tarehe 14 Machi 1872, Stanley na Livingstone waliachana baada ya kukaa pamoja Kwihara, na Stanley alichukua kitabu kikubwa cha habari za safari, kimefungwa kwa lakiri. Alikuwa mtu wa gazeti, na mzigo ule ulikuwa chakula cha magazeti. Tarehe 2 Agosti mwaka huohuo mwana wa Livingstone, Thomas, aliandika kukiri kwamba amekipokea kikiwa kimefungwa na kutiwa sahihi na baba yake. Habari zilizokuwa katika kitabu hicho zilikuwa nakala kwa sehemu kubwa. Livingstone aliandika kwanza katika madaftari madogo ya njiani, kisha akanakili. Kule Nyangwe mwaka 1871 alipopungukiwa na karatasi na wino, aliandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani kwa wino wa mbegu, akipitisha mistari yake juu ya chapa. Wino ule ulififia hata maandishi hayakusomeka vizuri, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali na kuyatoa hadharani mwaka 2011. Ikaonekana kwamba habari ya mauaji ya Nyangwe ya mwezi Julai 1871 katika daftari la kwanza inahitilafiana na ile iliyonakiliwa baadaye. Nakala ilikuwa imehifadhiwa vizuri kabisa, na haikuwa sawa na asili.

Na ni Unyanyembe walikofika Susi, Chuma na wenzao mwezi Oktoba 1873, wamebeba mwili wa Livingstone pamoja na karatasi zake kutoka kijiji cha Chitambo. Cameron, aliyekuwako, aliwashauri wauzike pale, wakakataa. Akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa safari yake mwenyewe. Karatasi ziliendelea na safari. Tendo la Cameron laweza kubishaniwa, lakini tofauti iliyotokea ni ya kufaa: chombo cha kupimia hutengenezwa kingine London, na daftari la marehemu halitengenezwi popote.

Mwalimu wa Kwihara, akiwa ameketi mbele ya diski ambayo labda ina saa moja ya uhai, anahitaji kipimo cha namna hiyo. Moyo utamvuta kwenye picha za wanawe. Picha hizo ni zake, na nyingi zimo katika simu za jamaa. Programu za kompyuta, ambazo watu huziokoa kwanza kwa sababu ziliwasumbua kuziweka, zapatikana tena. Hesabu za chama zina stakabadhi, ingawa kuzikusanya ni taabu. Sauti za wazee hazina pengine. Utaratibu basi wajipanga wenyewe: kisichopatikana tena hutangulia kinachopatikana kwa taabu, na penye usawa, cha mwenzake hutangulia chake. Wako watakaosema kwamba hilo la pili ni kali mno, kwamba baba hana wajibu wa kupoteza picha ya mwanawe aliyekufa ili kuokoa arusi ya jirani. Wana haki katika jambo hilo. Lakini mwanawe aliyekufa hapatikani tena, kwa hiyo picha yake imekwisha kuingia katika fungu la kwanza, pamoja na wazee.

Inabaki kazi ya mkono wa fundi. Diski hufungwa katika kompyuta nyingine isiyo na joto, feni yake safi. Huwashwa mara moja. Faili hutolewa kwa mpango uliokwisha kuandikwa kwenye karatasi, bila kufungua folda kwa udadisi, maana kila dakika ya kutazama ni dakika ya kutonakili. Fundi huyu amewekewa mbele yake maisha ya nyumba ishirini, na hayana hata lakiri. Kazi ikiisha bado lazima nakala ijaribiwe, kwa kuwa jina la faili huweza kuhama na yaliyomo yasihame. Fundi hawezi kujaribu bila kusikiliza, wala si haki asikilize lolote apendalo. Humwita mwalimu, humpisha kiti, na kumwomba achague mwenyewe sauti moja ifunguliwe.