Je, Kadhi Akisha Kuwekwa, Elimu Yake Imetimia?

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu asiyoyajua. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu.

Katika darasa letu la juma lililopita kijana mmoja alituuliza suala ambalo twaona si haki libakie ndani ya kuta za msikiti. Alisema: kadhi aliyekwisha soma, akatahiniwa, akawekwa, je, ni wajibu juu yake kuendelea kusoma, au ni jambo la hiari, akipenda atende na asipopenda hana lawama? Baadhi ya wakubwa walionyesha kuchukizwa, wakaona kijana amemvunjia heshima kadhi. Sisi twaona ameuliza jambo kubwa.

Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimeshurutiza kuwa kadhi awe Muislamu, na awe na elimu ya sharia ya Kiislamu kwa kadiri itakayoonekana na Tume ya Utumishi wa Mahakama kuwa yamtosha kwa kazi hiyo. Shuruti hiyo ni njema, lakini yapima elimu ya siku ya kuwekwa. Haipimi elimu ya mtu huyo baada ya miaka 20 ya kukaa kitini. Na mbele yake huletwa ndoa, talaka na mirathi, yaani mambo ambayo ndani yake mna tupu za watu, nasaba zao na mali za mayatima.

Sote twaijua hadithi iliyopokewa kwa Mtume (s.a.w.) kuwa makadhi ni watatu, mmoja wao ni wa Peponi na wawili ni wa Motoni. Mmoja katika hao wawili aliijua haki akaiacha. Lakini na tumtazame yule wa pili: huyu hakula rushwa wala hakumpendelea jamaa yake. Kosa lake ni kuwa alihukumu kwa ujinga. Basi nia njema peke yake haikumwokoa. Ni kweli pia kuwa mwenye kuhukumu akijitahidi kisha akakosea ana ujira mmoja. Lakini ujira huo ni wa aliyejitahidi. Aliyefunga vitabu vyake siku alipovaa joho, amejitahidi wapi?

Watasema wengine: kumrudisha kadhi darasani ni kumdhalilisha. Twajibu: je, Sayyidna Umar (r.a.) alidhalilika? Aliletewa mirathi ya mwanamke aliyeacha mume, mama, ndugu wa kwa mama, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Mume alipata 1/2, mama 1/6, ndugu wa kwa mama 1/3. Mali ikesha, na wale ndugu khalisa wasipate kitu. Hivyo ndivyo alivyohukumu mara ya kwanza. Lilipomjia tena jambo mfano wake, alikumbushwa kuwa hao nao wametoka katika tumbo la mama yule yule, naye akawashirikisha katika ile 1/3. Alipoulizwa juu ya hukumu yake ya kwanza, alieleza kuwa ile ilikuwa kwa mujibu wa walivyoona siku ile, na hii ni kwa mujibu wa wanavyoona leo. Na Imamu Shafii, ambaye wengi wetu wa pwani hii twafuata madhehebu yake, si alikwenda Misri naye ni mwanachuoni mkubwa aliyekwisha kutunga, kisha akayaacha mengi katika maneno yake ya kwanza? Lau kuendelea kutafuta ni aibu, basi aibu hiyo ingalianza kwao.

Wala hatuyasemi haya kwa kuwanyoshea makadhi kidole, hali sisi tumejificha nyuma ya pazia. Miaka mingi iliyopita alitujia mwanamke, mumewe amesafiri na khabari zake zimekatika, haijulikani yu hai au amekufa. Alikuwa akiona haya kwenda mahakamani. Tukamjibu pale pale kwa yale tuliyoyahifadhi tangu ujanani: hana ruhusa ya kuolewa mpaka iyakinike mauti ya mumewe au talaka yake. Akaenda zake, akangoja. Tulipokuja kusoma zaidi, tukajua kuwa hiyo ni kauli mpya ya Imamu Shafii. Na kauli yake ya kale, ambayo ndiyo hukumu ya Sayyidna Umar na ndiyo madhehebu ya Imamu Malik, ni kuwa mwanamke angoje miaka 4, kisha akae eda ya kufiwa miezi 4 na siku 10, kisha yuko huru. Na wako maulamaa wa baadaye katika madhehebu yetu wenyewe walioona kuwa mke asiyeweza kuipata nafaka yake kwa sababu mumewe hajulikani alipo aweza kufasikhiwa. Tulimtafuta mwanamke yule tukamweleza. Miaka 6 ilikuwa imekwisha pita. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Na vitabu hivyo, shekhe wangu, wakati ule vilikuwa bado havijaandikwa?"

Hatukuwa na jawabu, wala hatunalo hata leo. Hatukumdhulumu kwa kukusudia. Tulimdhulumu kwa kutosheka. Na ikiwa neno letu la barazani, lisilokuwa na nguvu ya dola, liliweza kumfunga mtu miaka 6, itakuwaje hukumu ya kadhi?

Wako pia wanaokhofu kuwa mafunzo yanayopangwa na Mahakama yatamvuta kadhi kidogo kidogo mpaka aiache Sharia. Khofu hiyo hatuidharau. Lakini na tupambanue. Namna ya kuandika hukumu, kuusikiliza ushahidi, kuisoma hati ya shamba, kuzifuata fedha za marehemu zilizomo katika benki au katika simu yake, hayo hayabadilishi fungu hata moja la mirathi. Bali ndiyo yanayolifikisha fungu kwa mwenyewe. Kadhi ajuaye kuwa mjane ana 1/8 mume akiacha watoto, wala hajui kuulizia mali iliko, humpa mjane 1/8 ya kile walichotaka warithi wengine kukionyesha. Tena asiyekumbuka kuwa mahari yasiyolipwa ni deni, na deni hutangulia mirathi, amemnyima haki mbili kwa pamoja. Ama katika hukumu zenyewe za Sharia, wa kufundisha ni maulamaa. Na tukikaa mbali kisha tukalalamika kuwa wamefundisha wengine, lawama ni yetu.

Basi jawabu letu kwa kijana yule ni hili: kusoma kwa kadhi baada ya kuwekwa si hiari wala si pambo, ni sehemu ya amana aliyoipokea. Asomaye kwa nafsi yake, hasara ya uvivu wake ni yake; ama kadhi, hasara ya uvivu wake hulipwa na mwengine asiyekuwa na hatia. Makadhi na wawe na vikao vya kusoma pamoja, wasome na vitabu vya madhehebu mengine, kwani wanaokuja mbele yao si wa madhehebu moja. Na sisi raia tuache ada mbaya ya kumcheka kadhi anayesema "sijui, nipeni muda", au anayeiacha rai yake ya jana kwa hoja iliyomdhihirikia leo. Tukimcheka, tunamfundisha kushikilia kosa.

Mtume wetu (s.a.w.), aliyekuwa akiteremshiwa wahyi, aliamrishwa amwombe Mola wake amzidishie elimu. Ni nani baada yake awezaye kusema kuwa yake yamemtosha?

Wabillahi taufiki.